Mshono na Wizi: Uaminifu wa Kitaaluma katika "Kidagaa Kimemwozea" na katika Maisha ya Mwanafunzi wa Chuo Kidogo

Utangulizi

Mwanafunzi wa chuo kikuu si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Katika tamthilia ya Mashetani (1971) Ebrahim Hussein aliwakutanisha Juma na Kitaru, vijana wawili wa chuo kikuu, ili kupitia urafiki wao apate kuyachambua matabaka yaliyoanguka na yaliyozuka baada ya uhuru. Katika Kichwamaji (1974) Euphrase Kezilahabi alimchora Kazimoto, mwanafunzi aliye likizoni, akienda kuomba kazi katika ofisi ya Manase ambaye hapo zamani walisoma pamoja. Kazi hizi zimejadiliwa sana, na ni haki yake. Lakini mhakiki akizitazama kwa makini ataona jambo moja: kwa kiasi kikubwa usomi wa wahusika hawa ni hali yao tu, hauonyeshwi kama kazi wanayoifanya. Msomaji huambiwa kwamba fulani ni mwanafunzi, kisha akaonyeshwa mapenzi yake, mashaka yake na ugomvi wake na wazazi. Namna anavyosoma, anavyoandika na anavyotahiniwa hubaki nyuma ya pazia.

Kidagaa Kimemwozea (2012), riwaya ya Ken Walibora, imelifunua pazia hilo kwa upande mmoja. Ndani yake kuna mswada ulioandikwa na mtu mmoja ukachapishwa kwa jina la mwingine, na tendo hilo si tukio la pembeni. Hilo ni mojawapo ya mambo yanayoufungua na kuufunga msuko mzima. Kwa sababu hiyo riwaya hii ni mahali pazuri pa kuanzia mjadala ambao idara za lugha za Kiafrika haziwezi kuendelea kuukwepa, yaani mjadala wa uaminifu katika kazi ya kitaaluma.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba riwaya ya Walibora imeyaona vyema madhara ya wizi wa maandishi, lakini imemhukumu mtu na kuuachilia huru utaratibu uliomlea. Pili, kwamba jadi za utunzi za pwani na za bara, zikiwemo za Waturkana, zina kipimo kilicho bora kuliko kile kilichomo katika kanuni nyingi za vyuo. Kipimo hicho hakimuulizi mtunzi kama ametwaa maneno ya mwenziwe. Humuuliza kama ameuacha mshono uonekane.

Mswada wa Amani

Katika himaya ya Mtemi Nasaba Bora, mjini Sokomoko, anaishi Mwalimu Majisifu, ndugu wa Mtemi. Majisifu ni mlevi na mwalimu mzembe, lakini ana sifa kubwa ya uandishi. Sifa hiyo imetokana na kitabu ambacho hakukiandika. Mwandishi halisi ni Amani, kijana anayefika Sokomoko kama mtu wa kutafuta riziki na kuajiriwa kuchunga ng'ombe wa Mtemi. Mchungaji ndiye msomi, na anayeitwa msomi hana kitu. Huu ndio upindu ambao riwaya inautumia kuiuliza jamii inamtambuaje mwenye elimu.

Walibora ameongeza ujanja mmoja wa kifani ambao haufai kupitwa bila kutajwa. Kitabu kilichoibwa kina jina lile lile la riwaya ambayo msomaji ameishika mkononi. Kwa hiyo msomaji hawezi kukaa kando na kuutazama wizi kana kwamba ni wa watu wengine. Kila akikitazama kifuniko anakumbushwa kwamba jina lililoandikwa juu ya kitabu ni dai, na kila dai lapaswa kuwa na ushahidi. Ni nadra fani na maudhui kukutana kwa karibu kiasi hiki katika riwaya zinazotahiniwa shuleni.

Ushahidi huo unadaiwa pale Majisifu anapotoka nje ya nchi yake kwenda kuzungumza mbele ya wasomi wa Wangwani. Huko anaaibika. Sababu ya aibu yake ni rahisi: aliiba maneno lakini hakuweza kuiba kazi iliyoyazaa maneno. Mtu aliyeandika kitabu anajua pia yale aliyoyafuta, njia alizozijaribu zikamshinda, na sababu ya kuchagua neno hili badala ya lile. Elimu hiyo haimo katika mswada. Imo kichwani mwa aliyetaabika. Hapa riwaya imegusa kiini cha jambo. Wizi wa maandishi humdhulumu mwenye mali kwa kumnyang'anya jina, na humdhulumu mwizi vilevile kwa kumwacha mtupu mahali ambapo watu wanamdhania amejaa.

Kinyume cha Majisifu ni Madhubuti, mwana wa Mtemi aliyesoma Urusi. Anaporudi anaikataa nafasi ya kazi iliyopatikana kwa mkono wa baba yake. Mara nyingi tendo hili husomwa kama upinzani wa kisiasa tu, kijana dhidi ya udikteta wa mzazi. Likiwekwa kando ya mswada wa Amani, maana yake hupanuka. Madhubuti anakataa kupewa kwa jina la mwingine. Majisifu amekubali kupokea kwa kazi ya mwingine. Wote wawili wamewekewa swali moja, wakajibu mbalimbali.

Jina kama Hukumu

Pamoja na ubora huo, riwaya ina udhaifu, na udhaifu wenyewe unaanzia katika majina. Walibora ametumia majazi kwa wingi. Amani ni mtu wa amani, Imani ana imani, Madhubuti hatetereki, Majisifu anajisifu. Mbinu hii ina faida kwa msomaji mchanga kwa kuwa inamshika mkono. Hasara yake ni kwamba inaufanya uovu uwe tabia ya kuzaliwa nayo. Majisifu ameiba kwa sababu yeye ni Majisifu. Msomaji halazimiki kuuliza kwa nini jamii ya Tomoko iliridhika kuisifu kazi bila kumchunguza mwenye kuidai, au kwa nini mwalimu alihitaji kitabu chenye jina lake ili aheshimiwe. Halazimiki pia kuuliza kama wapo akina Amani wengine ambao hawakubahatika kufika Sokomoko.

Mwisho wa kisa unaufuata mkondo huo huo. Mwizi anakiri na aliyedhulumiwa anasamehe. Suluhisho hili linapendeza kimaadili, lakini ni suluhisho la watu wawili. Utaratibu uliowezesha wizi unabaki ulivyokuwa. Riwaya imeutibu ugonjwa wa nyumba nzima kwa kumpa dawa mtu mmoja.

Historia ya riwaya hii yenyewe inathibitisha jinsi swali la utaratibu lilivyo zito. Kidagaa Kimemwozea kilitahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya kati ya mwaka 2013 na 2017. Miaka hiyo ndiyo ile ambayo udanganyifu wa mitihani ulifika kileleni. Katika mtihani wa mwaka 2015 matokeo ya watahiniwa 5,101 wa kidato cha nne yalifutwa. Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani la Taifa ikavunjwa, na ulinzi wa karatasi za mtihani ukabadilishwa. Watahiniwa waliopata alama ya A walikuwa 2,685 mwaka 2015; mwaka 2016 walikuwa 141. Haiwezekani akili za vijana wa nchi nzima ziwe zimepungua kiasi hicho kwa miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni utaratibu.

Kuna kejeli nyingine iliyo karibu zaidi na idara za lugha. Madukani na mikononi mwa wanafunzi kulienea vitabu vya mwongozo wa riwaya hii, vyenye muhtasari wa sura, sifa za wahusika na majibu yaliyokwisha kupangwa. Kwa hiyo kijana aliweza kupata alama nzuri juu ya riwaya inayolaani kutumia maneno ya mwingine kama yako, kwa kukariri maneno ya mwingine na kuyaandika kama yake. Hakuvunja kanuni yoyote. Mtihani ulimtaka aorodheshe sifa sita za Majisifu, naye akaziorodhesha. Aliyefundishwa hivyo kwa miaka minne, kisha akafika chuoni na kuambiwa kwamba sasa kunakili ni kosa, ana haki ya kushangaa.

Msamiati wa Wanafunzi

Lugha ya wanafunzi wenyewe ni ushahidi ambao wataalamu wa isimu wasiupuuze. Nchini Kenya kikaratasi cha siri kinachoingizwa katika chumba cha mtihani huitwa mwakenya. Yaelekea jina hili lilitokana na Mwakenya, harakati ya chinichini ya miaka ya 1980 iliyopinga utawala wa chama kimoja na kueneza mawazo yake kwa vijikaratasi vilivyopitishwa kwa siri. Mwaka 1986 serikali iliwakamata watu wengi kwa shutuma za kuhusika nayo, wakiwemo wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vikuu. Mmoja wa waliotiwa kizuizini mwaka huo alikuwa Katama Mkangi, mhadhiri wa elimujamii na mwandishi wa Kiswahili aliyekuwa amekwisha kutoa Ukiwa (1975) na Mafuta (1984), na ambaye baadaye alitoa Walenisi (1995).

Mwanaisimu ataona hapa mfano wa neno lililoshuka maana. Karatasi iliyoweza kumfikisha mtu katika vyumba vya mateso vya Nyayo House, kwa sababu ya maneno aliyoyaamini, imekuwa karatasi ya maneno ambayo mwenye kuibeba hayaamini wala hayaelewi. Kilichobaki ni umbo la nje tu: udogo, siri na hofu ya kukamatwa. Hata hivyo, pengine neno limebeba kitu zaidi ya mzaha. Mwanafunzi anayekiita kikaratasi chake mwakenya anajiweka upande wa mnyonge anayeipinga dola. Msimamizi wa mtihani anakuwa askari, na udanganyifu unakuwa ukaidi wa kishujaa. Lugha imemtafutia mkosaji udhuru kabla hajaulizwa.

Tanzania nako kuna msamiati wake. Desa ni maandishi ya mhadhara yaliyotolewa nakala na kupita mkono hadi mkono, na kudesa ni kutegemea au kunakili cha mwenzio. Kupiga chabo ni kuchungulia karatasi ya jirani. Maneno haya yote yana uchangamfu, na hakuna hata moja lenye mzizi wa "iba" ndani yake. Upande wa pili kanuni za vyuo, ambazo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, hutumia neno lenye asili ya Kilatini ambalo kwa Warumi lilimhusu mtekaji wa watu. Mshairi Martial ndiye aliyelitumia kwa mtu aliyezighani tungo zake kama zake mwenyewe, kana kwamba tungo ni watu huru waliotiwa utumwani. Ni sitiari nzito, na watu wa pwani ya Afrika Mashariki wangeweza kuielewa kuliko wengi. Lakini sitiari hiyo haimfikii mwanafunzi. Anachokutana nacho ni istilahi ngeni katika kijitabu cha kanuni, na adhabu chini yake.

Kwa hiyo kuna lugha mbili chuoni, kila moja ikizungumza peke yake. Lugha ya kanuni inasema "wizi" bila kueleza. Lugha ya bwenini inaeleza bila kusema "wizi". Kazi ya idara ya lugha ni kujenga daraja kati ya hizo mbili.

Je, Mwafrika Hakuwa na Mwenye Tungo?

Hapa husikika hoja moja inayorudiwarudiwa. Husemwa kwamba jamii za Kiafrika zilimiliki tungo kwa pamoja, kwamba hadithi ilikuwa ya wote na wimbo ulikuwa wa wote, na kwamba kwa hiyo dhana ya kuiba maneno ni ya kigeni. Hoja hii inavutia kwa sababu inajifanya utetezi wa utamaduni. Ikichunguzwa, haisimami.

Ichukuliwe takhmisa. Mshairi wa Pate, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, alizitwaa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo akazijengea beti za mistari mitano. Mistari mitatu ya mwanzo ni yake. Miwili ya mwisho ni ya yule wa kale. Hakuna aliyemwita mwizi, wala asingeweza kuitwa, kwa kuwa bahari yenyewe ya takhmisa inamlazimu mtunzi kuonyesha mahali neno lake linapokoma na la mwenziwe linapoanza. Mshono uko wazi kama mshono wa kanzu. Uzuri wa kazi umo katika mshono huo: msikilizaji anafurahi kuona jinsi mistari mipya ilivyoandaliwa hadi ile ya zamani ikaingia bila kusukumwa.

Lichukuliwe pia jambo la Muyaka bin Haji wa Mombasa. Sehemu kubwa ya mashairi yake ilisalimika kwa sababu watu waliyahifadhi, na baadaye Mwalimu Sikujua akashirikiana na W. E. Taylor kuyakusanya, hadi yakachapwa katika diwani iliyohaririwa na William Hichens mwaka 1940. Sikujua alikuwa na kila nafasi ya kuwa Majisifu. Alikuwa na maneno, na mwenyewe alikuwa marehemu. Badala yake aliyabeba mashairi pamoja na jina la mwenyewe na habari za wakati wake. Huo ni uaminifu wa kitaaluma uliotangulia chuo kikuu chochote cha Afrika Mashariki.

Bara nako hali si tofauti. Kwa Waturkana, kama kwa ndugu zao Wajie na Wakaramoja, mwanamume huwa na maksai wake mteule, anayetambulika kwa rangi yake na umbo la pembe zake, na humtungia nyimbo. Jina la mtu na jina la maksai huambatana. Wimbo wa namna hiyo ukiimbwa ngomani na kikundi kizima, wote wanaitikia, lakini hakuna anayepotea juu ya mwenyewe, kwa sababu maksai aliyetajwa ana mwenyewe anayejulikana. Kuimba pamoja hakukufuta umiliki. Kwa upande mwingine, masimulizi ya chimbuko, kama kile kisa cha Nayeche, mwanamke aliyefuata nyayo za fahali wa kijivu kutoka nchi ya Wajie hadi bonde la Tarash, ni mali ya jamii, na kila msimulizi ana ruhusa ya kuyasimulia kwa ufundi wake. Jamii hii basi ilitofautisha kati ya kilicho cha wote na kilicho cha mtu. Anayesema kwamba Mwafrika hakuijua tofauti hiyo hajawasikiliza wachungaji.

Chuo Kidogo

Turkana ni mahali panapofaa kuupima mjadala huu, kwa sababu hapo elimu ya juu ni changa na kanuni zake bado hazijawa mazoea. Chuo Kikuu cha Turkana kiliundwa Lodwar mwaka 2017 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini-magharibi, ina kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992, na tangu mwaka 2010 Wajesuiti waliwapa baadhi ya vijana wa kambi hiyo nafasi ya kusoma masomo ya chuo kwa njia ya mtandao. Wadi ya Lopur iko jirani, katika eneo hilo hilo la Turkana Magharibi. Kwa hiyo kijana wa Lopur leo anaweza kusoma chuoni bila kuvuka mpaka wa kaunti yake, jambo ambalo kizazi cha wazazi wake hakikulipata.

Kijana huyo hufika chuoni na lugha tatu. Ana Kiturkana cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na darasani, na Kiingereza cha mtihani. Jirani yake wa Kakuma huenda anaongeza Kidinka, Kisomali au Kiswahili cha Kongo. Anapotakiwa kuandika insha ya maneno elfu mbili kwa lugha yake ya tatu, kishawishi cha kuyatwaa maneno yaliyokwisha kupangwa vizuri hakitokani na ufisadi wa moyo peke yake. Kinatokana pia na hofu kwamba maneno yake mwenyewe hayatoshi. Mwalimu asiyeijua hofu hiyo ataadhibu mara nyingi na kufundisha mara chache.

Vishawishi vyenyewe vimebadilika tangu Walibora aandike riwaya yake. Majisifu alihitaji mswada wa karatasi. Mwanafunzi wa leo anahitaji simu tu. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 programu za kompyuta zinazotunga insha nzima kwa sekunde chache zimeenea duniani kote. Kabla ya hapo Kenya ilikwisha kuwa kituo mashuhuri cha kazi ya kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha zao kwa malipo, kazi iliyochunguzwa katika filamu ya The Shadow Scholars (2024) akishiriki Profesa Patricia Kingori wa Oxford. Waandishi wa insha hizo ni akina Amani wa kweli: wana elimu, wanafanya kazi, na jina linalochapwa si lao. Tofauti ni kwamba wao wameuza kwa hiari, ikiwa ni sahihi kuuita uamuzi wa msomi asiye na ajira uamuzi wa hiari. Riwaya ya Walibora haikuwa na nafasi kwa mtu wa aina hii, kwa sababu katika ulimwengu wake kila mtu ama ni mwizi ama ni aliyeibiwa. Hili nalo ni tokeo la majazi.

Wala si haki kumtazama mwanafunzi peke yake. Mahafali ya Juni 2019 ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia yalitoa shahada za uzamivu 118 kwa siku moja, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikalazimika kuchunguza usimamizi wake. Kadiri uzamivu unavyofanywa sharti la kupanda cheo, ndivyo swali la Majisifu linavyomhusu mhadhiri: je, kitabu kinaandikwa kwa sababu kuna jambo la kusema, au kwa sababu jina linahitaji kitabu?

Idara za Kiswahili zina hatari yao ya pekee. Programu zinazolinganisha maandishi ili kugundua kunakili zimejengwa zaidi juu ya maandishi ya Kiingereza. Mtu anayeitwaa sura ya nadharia kutoka kitabu cha Kiingereza akaigeuza Kiswahili, bila kumtaja mwenyewe, anaweza kupita bila kugunduliwa. Tena anaweza kusifiwa kwa kuikuza lugha. Tafsiri ni kazi ya heshima mradi jina la mfasiri na la mtunzi yakae pamoja ukurasani. Tafsiri iliyofichwa ni mswada wa Amani uliobadilishwa mavazi.

Hata hivyo chuo kidogo kina hazina ambayo chuo kikubwa hakina. Katika darasa la wanafunzi ishirini mwalimu anaijua sauti ya kila mmoja. Anaweza kufanya kile ambacho wasomi wa Wangwani walimfanyia Majisifu bila kukusudia, yaani kumwomba mwandishi azungumze juu ya kazi yake. Kwa nini umelichagua dai hili? Wazo hili umelipata wapi? Ni sehemu gani iliyokushinda? Mazungumzo ya dakika kumi yanaweza kufichua yale ambayo programu haitayaona, na hayamhitaji mwanafunzi awe na Kiingereza cha kupendeza. Katika jamii ambayo mtu husimama ngomani na kuimba wimbo wake mbele ya wanaomjua, mtihani wa mdomo si jambo geni. Mwanafunzi mwaminifu lakini mwenye kigugumizi au haya atahitaji subira ya mwalimu, na tofauti kati ya asiyejua na anayeogopa lazima ipimwe kwa uangalifu. Lakini ugumu huo ni wa kazi ya ualimu yenyewe, na hauwezi kukabidhiwa mashine.

Hitimisho

Kidagaa Kimemwozea imeifaa fasihi ya Kiswahili kwa kuuweka wizi wa maandishi katikati ya kisa na kuonyesha kwamba mwizi hubaki mtupu. Mapungufu yake ni kwamba imeufunga uovu ndani ya jina la mtu, kisha ikamaliza kesi kwa msamaha. Msamiati wa wanafunzi, kuanzia mwakenya hadi desa, unaonyesha kwamba kesi haijaisha, na kwamba kanuni zilizoandikwa kwa lugha isiyoeleza hazitaimaliza.

Jadi ya takhmisa, kazi ya Mwalimu Sikujua na wimbo wa maksai wa Kiturkana vinafundisha jambo moja. Kutwaa maneno ya mwingine si aibu. Elimu yote hujengwa kwa kutwaa. Aibu ni kuuficha mshono. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifundishwa takhmisa kabla ya kupewa kijitabu cha kanuni, atajua kwamba kumtaja mwenye wazo si kodi inayotozwa na wageni. Atajua kwamba ni sehemu ya ufundi wa utunzi. Akiisha kulijua hilo, mwalimu naye ana deni la kumpa swali ambalo jibu lake halimo katika mwongozo wowote, kisha akae amsikilize akilijibu.